Reli Juu ya Ubao, na Inkisari ya Kweli

Washairi wetu wana neno moja ambalo mafundi wa kazi nyingine wangelihitaji sana, nao hawana. Neno hilo ni inkisari. Msomaji wa kurasa hizi hahitaji kufundishwa maana yake. Mtunzi akibanwa na mizani hukata silabi, "nimekuja" likawa "mekuja", na wala hapana amwambiaye kuwa amesema uongo. Akipungukiwa hurefusha, nayo huitwa mazida. Na pale kina kinapomkataa hubadilisha irabu, nayo huitwa tabdila. Haya yote ni ruhusa aliyopewa na mila ya sanaa yake. Lakini kila ruhusa ina mpaka, na swali ninalotaka kulitafakari hapa ni hili: ni wapi hasa unapopita mpaka baina ya kukata ili mizani itimie, na kukata ili kweli isionekane?

Swali hili halikunijia kwa kusoma shairi. Lilinijia juu ya ubao wa plaiwudi, katika chumba cha ghorofani, nilipokuwa nikiunda reli.

Najua kuwa wako watakaocheka. Mtu mzima, mwenye wajukuu, kukaa usiku kucha akigandisha mataruma madogo kama njiti za kibiriti! Kwetu sisi neno linaloletwa upesi ni "mchezo", na mchezo tumewaachia watoto. Sitajitetea kwa urefu. Nitasema tu kwamba kila kazi ya mikono inayofanywa kwa subira humfikisha mtu mahali ambapo hulazimika kuamua jambo, na kwamba uamuzi mdogo unaofanywa mbele ya meza humfunua mtu sawasawa na uamuzi mkubwa unaofanywa mbele ya kadhi.

Reli niliyokusudia kuiunda ni ile ya Bububu. Vijana wengi hupita barabara ya Bububu kila siku wala hawajui kwamba kisiwa hiki kilipata kuwa na gari la moshi. Sayyid Barghash ndiye aliyetangulia, alipojengewa reli ya kumpeleka kwenye kasri lake la Chukwani. Nayo haikudumu baada ya yeye kufariki mwaka 1888. Kisha, mwaka 1905, ikafunguliwa reli nyingine, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, kutoka mbele ya Ngome Kongwe hadi kijiji cha Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Serikali iliinunua mwaka 1911, na mwaka 1928 ikanyamaza. Zimebaki picha chache, hasa zile za kadi za posta, na zimebaki hadithi za wazee, ambazo nazo zinakwisha pamoja na wenyewe.

Basi nikachukua ubao wangu wenye urefu wa mita 3 na sentimita 60, nikachukua na kalamu. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi zaidi wa sanaa hii duniani ni cha moja kwa themanini na saba. Yaani kila kitu hupunguzwa mara 87, na mtu mwenye kimo cha kawaida huwa na urefu wa sentimita 2 tu. Maili saba ni zaidi ya kilomita 11. Nikazigawa kwa 87, nikapata karibu mita 130. Ubao wangu ungeweza kubeba mita 313 za njia yenyewe ilivyokuwa, yaani chini ya sehemu tatu katika kila mia. Hata ningelikuwa na ukumbi wa kasri ningelazimika kukata. Mizani ilikwisha kunibana kabla sijapiga msumari wa kwanza.

Hapo ndipo nilipotambua kuwa fundi huyu na mtunzi wa shairi ni ndugu. Mtunzi hupewa mizani minane ya ukwapi na minane ya utao, na ndani yake humo aitie bahari. Fundi naye hupewa ubao. Wote wawili hawaulizwi kama watakata; wanaulizwa watakata nini.

Sanaa hii ina ruhusa zake zilizokubaliwa. Kona za reli ya kweli huwa pana mno, na treni huzizunguka taratibu mithili ya jahazi linapobisha. Juu ya ubao kona hukunjwa hadi nusu mita au chini ya hapo toka kitovu hadi njia, na watazamaji husamehe. Mlima ambao treni ya kweli ingeupanda kwa maili nyingi hupandwa kwa hatua mbili za mtu mzima. Kituo chenye milango kumi huwekewa mitano. Huko Uingereza wamefika mbali zaidi, na kisa chao kina mazingatio. Mafundi wa huko hupunguza majengo na mabehewa mara 76, lakini njia yenyewe, yaani upana baina ya reli na reli, ni milimita 16 na nusu, upana ambao ni wa kipimo kile kingine cha 87. Zamani mota zilikuwa kubwa na injini za Kiingereza ndogo, mota haikuenea ndani ya injini. Ikabidi mwili wa treni uongezwe, na njia ikabaki vilevile. Kwa hivyo treni zao, tangu miaka mingi iliyopita hadi leo, zinatembea juu ya njia nyembamba kuliko iwapasavyo. Upana wa haki ungekuwa milimita 18 na ushei.

Wako waliokataa, wakajitengenezea magurudumu yao na njia zao za upana wa haki, milimita kwa milimita, na kazi yao ni ya kustaajabisha. Lakini walio wengi wameridhika, na mimi siwaoni kuwa waongo. Kosa lao linajulikana na kila mtu. Limeandikwa katika vitabu vyao, linasemwa hadharani, na mgeni akiuliza huambiwa. Hiyo ndiyo tabdila. Irabu imebadilishwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na hapana aliyedhulumiwa. Hapa basi nikapata alama ya kwanza ya mpaka niliokuwa nikiutafuta: ukataji usioogopa kutajwa bado ni ruhusa ya sanaa. Ule unaotaka usitajwe ndio wa kutiliwa shaka.

Alama ya pili nilifundishwa na mtu wa mbali, Mmarekani, ambaye jina lake hutajwa na mafundi wa kazi hii kama sisi tunavyowataja malenga wetu. Aliitwa John Allen. Alikuwa mpiga picha, akiishi Monterey, katika jimbo la California, na baada ya vita vikuu vya pili alianza kuunda reli nyumbani kwake. Reli yake aliipa jina la mzaha, Gorre & Daphetid, jina ambalo likitamkwa kwa Kiingereza husikika kama kusema kwamba imelowa damu na imeshindwa. Ubao wake wa kwanza ulikuwa mdogo, wa kulaza mtu mmoja; akauongeza, akahama nyumba, akaanza upya katika chumba cha chini, na ule ubao wake wa kwanza, mdogo, akauingiza ndani ya huo wa mwisho, kama mtunzi aliyeichukua beti ya ujana wake akaitia katika utenzi wa uzee. Milima yake ilitoka sakafuni ikafika dari. Aliweka vioo mahali pa siri ili bonde lionekane refu kuliko lilivyo. Na alikuwa na mzaha pia, maana katika yadi yake alimweka mjusi mkubwa wa zama za kale afanye kazi ya injini ya kupanga mabehewa, na mjusi huyo alikuwa na namba yake kama injini nyingine.

Lakini kilichomfanya akumbukwe zaidi ni uchafu. Zama hizo treni ndogo zilitoka dukani ziking'aa, na wenye nazo wakaziacha ziking'aa. Allen alichukua injini mpya, aliyoitolea fedha zake, akaipaka kutu. Akayapaka masizi mabomba ya moshi. Akazipausha mbao za ghala kama zilizopigwa na jua na mvua miaka thelathini, akapinda paa, akavunja kioo cha dirisha. Hakuwa peke yake katika jambo hilo, lakini picha zake ndizo zilizowashawishi wengi. Na ajabu ni hii, kwamba watu walipoziona picha hizo walisema kwa mara ya kwanza: "Hii ni kweli." Treni inayong'aa ilikuwa imefanana na treni ya kweli kwa kila kipimo, na haikuaminiwa. Ilipotiwa aibu ya kutumika, ikaaminiwa.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Kutu haikuongezwa ili kuharibu uzuri. Iliongezwa kwa sababu kitu kinachofanya kazi huchakaa, na anayekificha uchakavu wake hukinyima historia ya kazi yake. Mtu anayemsifu mama yake kwa kusema kwamba mikono yake ni laini kama hariri, ilhali mikono hiyo ilitwanga na kufua miaka hamsini, ameisifu mikono ya mtu mwingine.

Kuna kisa cha tatu, nacho ni cha Roye England. Huyu alikuwa Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925, akalipenda bonde moja liitwalo Vale of White Horse. Aliona nyumba za makuti ya kule kwao, zile zinazoezekwa kwa mabua, zikibomolewa au zikibadilishwa sura moja baada ya nyingine, akaazimia kuzihifadhi kwa kuziunda ndogo. Mwaka 1954 kazi hiyo ilipata makao yake katika kijiji cha Long Wittenham, na leo ni jumba la makumbusho liitwalo Pendon, ambalo wafanyakazi wake wa kujitolea wanaiendeleza kazi ile ingawa yeye alikwisha fariki. Nyumba moja ndogo, ya kukaa juu ya kiganja, inaweza kumchukua fundi miezi kwa miezi. Kila nyumba ilitafutwa ilipo au ilipokuwa, ikapimwa, ikapigwa picha, hata bustani ikaangaliwa ilipandwa nini.

Na bado kijiji kinachoonekana pale, Pendon Parva, hakikupata kuwapo duniani. Nyumba ni za kweli, lakini zimekusanywa kutoka vijiji mbalimbali, zikawekwa ujirani ambao wenyewe hawakuujua. Hiyo ni inkisari kubwa kupita kiasi; bonde zima limekunjwa. Mbona basi hatuoni udanganyifu? Kwa sababu waliokata wametuambia walivyokata, na kwa sababu kilichobaki baada ya kukata kinashuhudia kile kilichokatwa. Kijiji hicho kimoja kinasimama kwa niaba ya vijiji vyote. Hapana jirani aliyefukuzwa ili mahali papendeze.

Sasa nirudi kwenye ubao wangu, maana yote niliyoyasema mpaka hapa niliyajua kabla sijakosea. Kujua hakukunizuia.

Nilifanya kazi miaka miwili. Njia niliifunga kwa reli za aloi ya shaba, zinki na nikeli, kwa kuwa chuma kitupu hakiwezi kustahimili hewa yetu ya chumvi. Kikiota kutu umeme haupiti, na treni hukatika pumzi katikati ya njia. Mchanga wa pwani niliuosha mara tatu kwa maji matamu, nikaukausha, nikapitisha sumaku ndani yake ili kuondoa chembe za chuma zisije zikaingia motani. Minazi niliitengeneza kwa makumbi, na mikarafuu kwa makonyo makavu, ambayo kwa ukubwa huo hufanana na matawi hasa. Ngome Kongwe niliijenga kwa vipande vya jiwe la matumbawe. Kisha nikaweka treni: injini, na nyuma yake behewa moja la daraja la kwanza, lenye mapazia, kama lile walilopanda wageni walioshuka melini kwenda kutembea mashambani. Nilimketisha ndani yake bibi mwenye mwavuli. Nikawasha. Treni ikatoka Forodhani, ikapita Malindi, ikapotea nyuma ya minazi. Nakiri nilitokwa na machozi.

Nikamwita shangazi yangu aje aone. Ana umri wa miaka themanini na ushei, na marehemu baba yake, yaani babu yangu, katika ujana wake alikuwa akipanda gari hilo kuleta ndizi sokoni. Nilimpandisha ngazi kwa taratibu, nikamketisha kitini, nikaiwasha treni. Aliitazama ikizunguka mara ya kwanza na mara ya pili bila ya kusema neno. Kisha akauliza:

"Hili ndilo gari la Bububu, mwanangu?"

"Ndilo, shangazi."

"Zuri, mashaallah." Akanyamaza kidogo. "Na baba nimtazame wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba babu hakupata kupanda behewa la mapazia hata siku moja. Yeye alipanda lile la nyuma, lisilokuwa na kivuli, pamoja na matenga na kuku na wanawake wenye mizigo, na cheche za injini zikiwarukia. Babu alikuwa na kikoi kilichotobolewa na cheche, na bibi alikitia viraka, na shangazi yangu alipokuwa mtoto alikuwa akitia kidole chake pale penye kiraka huku akisimuliwa. Gari la Bububu, kwake yeye, lilikuwa ndilo hilo behewa la nyuma. Na behewa hilo mimi sikuliweka.

Nikamjibu upesi, na jibu langu lilikuwa tayari mdomoni kana kwamba lilikuwa likimsubiri: "Nafasi haikutosha, shangazi."

Yeye aliridhika. Ni mtu mstahamilivu, na tena alijua kuwa mimi ndiye fundi. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu hesabu niliijua. Behewa la nyuma lingechukua sentimita 10, labda 11. Na baina ya Malindi na mwisho wa ubao nilikuwa nimetumia sentimita 40 kwa ajili ya shamba la minazi lisilokuwa na kazi yoyote isipokuwa kuificha treni ili ionekane kama inakwenda mbali. Nafasi ilikuwapo. Nililiacha behewa la nyuma kwa sababu halikupendeza katika picha niliyokuwa nayo moyoni. Na kwa sababu, niseme yote, nilikuwa nikijiona mimi mwenyewe ndani ya lile behewa la mapazia.

Hapa msomaji anaweza kunipinga, na kwa haki. Atasema: sanaa si daftari la mahakama. Mtunzi wa shairi la mahaba hatakiwi kutaja deni la mchele alilonalo mpenzi wake dukani. Kila msanii huchagua, na kuchagua jambo moja ni kuliacha jingine; tukimlazimisha ataje kila kitu tutakuwa tumemnyima sanaa yenyewe. Atasema pia kwamba Allen aliunda nchi isiyokuwapo, akamtia na mjusi, na mimi mwenyewe nimemsifu.

Nakubali, lakini tutazame jambo moja. Allen aliipa nchi yake jina lisilokuwa la mahali popote. Aliyeingia chumbani mwake alijua kuwa anaingia katika ndoto ya mtu, na ndoto ina mamlaka yake. Mimi niliandika kwa rangi nyeupe juu ya kibao kidogo: BUBUBU. Jina la mahali ni ahadi. Ukilitaja umewaita mashahidi wote wa mahali hapo, walio hai na waliokufa, na umewaambia: hivi ndivyo ilivyokuwa. Mwenye kutoa ahadi hiyo anaruhusiwa kukata maili, anaruhusiwa kukunja kona, anaruhusiwa kuitia milango mitano mahali pa kumi. Haruhusiwi kumshusha mtu garini kisha akasema gari lilijaa.

Basi mpaka niliokuwa nikiutafuta nadhani naweza sasa kuueleza. Kila ukataji una sababu yake, na fundi peke yake ndiye aijuaye. Ajiulize: nimekata kwa kuwa ubao umekwisha, au kwa kuwa uso wangu umekunjika? Na kama hawezi kujijibu, achukue rula apime. Rula haina huruma wala haina uadui. Ikiwa alichokikata kilihitaji sentimita 10, na alichokiweka mahali pake kimechukua 40, basi asisingizie mizani.

Haya hayahusu treni peke yake. Sisi watu wa visiwani tuna mapenzi makubwa na yaliyopita, na mapenzi hayo si dhambi. Tunaandika, tunaimba, tunapamba kumbi zetu kwa picha za milango ya njumu na mabirika ya shaba. Lakini kila mmoja wetu akiunda Unguja yake ya zamani kichwani, huwa ameketi katika behewa gani? Mara chache nimesikia mtu akiikumbuka zamani iliyo tamu na yeye mwenyewe akiwa chini ya tenga. Mambo ya zamani tunayoyakata mara nyingi hayakukosa nafasi katika shairi. Yamekosa nafasi katika picha tunayotaka kuonekana nayo. Na anayekatwa huwa mara zote ni yuleyule asiyekuwa na picha ya kadi ya posta, ambaye kumbukumbu yake haipo ila katika kiraka cha kikoi. Akifa mwenye kidole kilichokigusa kiraka hicho, hakuna tena wa kuuliza "nimtazame wapi?"

Kuna jambo moja katika kazi hii linalonifariji. Ubao hauoni haya kusahihishwa. Nyumba ya mawe ikijengwa kombo itasimama kombo miaka mia. Kitabu kikishatawanyika hakikusanyiki. Lakini plasta huvunjwa kwa kisu cha jikoni, na gundi hulainika kwa maji ya moto. Mafundi wa kazi hii husema kwamba haimaliziki, na wageni hudhani kuwa ni malalamiko. Allen alifariki mwezi wa Januari mwaka 1973, akiwa na miaka 59, na kazi yake haikuwa imekamilika. Siku kumi baadaye moto ulizuka nyumbani mle, ukaiteketeza sehemu kubwa ya reli ile. Ukiitazama kazi kwa kudumu kwake, basi miaka ile yote ilikuwa hasara. Lakini mimi naona kwamba miaka ile ilikuwa ya mtu aliyekuwa akitazama upya kila siku, akaona alipokosea, akavunja, akatengeneza. Moto haukuweza kuiondoa tabia hiyo kwa wale walioziona picha zake, kwa kuwa mimi niliye Unguja, ambaye sikuwahi kumwona, niliipata kwake.

Wiki iliyofuata niliung'oa mnazi mmoja baada ya mwingine. Kumi na saba kwa jumla, mitatu nikaibakisha. Nikavunja kilima, nikasogeza njia, nikalehemu nyaya upya, na kwa siku mbili treni haikwenda kabisa kwa sababu ya shoti niliyoileta mwenyewe. Kisha nikaunda behewa la nyuma kwa vijiti na karatasi ngumu. Sikuwa na picha yake, nilimwita shangazi tena, naye akaketi karibu nami akinielekeza, "Hapana, mbao zake zilikuwa mbali mbali zaidi, alisema miguu ikining'inia." Nililipaka masizi. Niliweka matenga, na kuku wa nta, na wanawake wawili, na kijana mmoja aliyevaa kikoi. Tundu la cheche, kwa kipimo cha 87, halionekani kwa jicho. Nalo nikalitia, kwa ncha ya sindano.

Treni sasa ni nzito zaidi. Inapopanda kidaraja cha Malindi huvuta kwa taabu, na mara nyingine husimama, nami huisukuma kwa kidole. Mandhari yenyewe, lazima nikiri, imepungua uzuri. Wageni waliouona ubao ule mwanzo wananiambia kuwa walipenda zaidi vile ulivyokuwa na minazi mingi. Siwabishii. Huenda nimekosea kwa upande wa pili, nimeikata ladha ili kuipa nafasi kumbukumbu, na ladha nayo ina haki yake. Na bado sijawaweka waliovunja kokoto za njia ile, wala waliokuwa wakitia moto injini. Sentimita wanazozihitaji nimekwisha kuzipima, nazo zipo.

Swali lenyewe basi nawaachia malenga, kwa kuwa neno nililoanza nalo ni lao na wao wana ujuzi nalo zaidi yangu. Mnapokaa na mshororo usiotimia, na vidole vikihesabu juu ya meza, mnajuaje kwamba silabi mliyoitupa haikuwa ya mtu? Atakayenijibu kwa beti nitamshukuru. Na akipita Unguja, naomba apande ngazi aje atazame gari la Bububu likipita, na aliangalie zaidi behewa la nyuma.